Mteja wa Jumamosi

Kazini aliitwa Mheshimiwa Mwamuzi. Jina la nyumbani alikuwa nalo, lakini waliokuwa wakilitumia walikuwa wamekufa au wamehama, kwa hiyo likabaki hili la mtaani: Mama Kanuni. Alilipata kwa sababu ya kikombe cha chai.

Ilikuwa hivi. Ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi ya mashauri ya kazi, kuna kibanda cha chai. Wanaoumana asubuhi mbele ya mwamuzi, mwajiri na aliyefukuzwa, mchana hukutana pale pale, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, wanakunywa chai ya birika moja. Siku moja huyu mama akaenda kunywa yake, akanyoosha pesa, muuza chai akamwambia imeshalipwa. Imelipwa na nani? Na yule baba mwenye kiwanda cha sabuni, ambaye shauri lake lilikuwa mezani.

Mtu mwingine angesema ahsante akanyamaza, au angenyamaza bila hata hiyo ahsante. Yeye alirudi ofisini, akaziita pande zote mbili, akakaa kwenye kiti chake, akasema kwa sauti ya kusomea: "Kabla hatujaendelea, ijulikane kwamba mlalamikiwa amenilipia chai. Nimeinywa kabla sijajua. Mwenye pingamizi aseme."

Mlalamikaji, mzee wa watu aliyekuwa akipanga miche ya sabuni kabla ya kutimuliwa, akajikuna kichwa. "Na mkate je?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. "Mkate sikula," mwamuzi akajibu, uso mkavu kama karatasi.

Tangu hapo jina likaganda, na tangu hapo yeye hakukanyaga tena kibandani. Wenzake wakitoka mchana kwenda kula, yeye alifunga mlango, akala ndizi zake akiwa amelitazama kabati la mafaili, na maganda akayafunga kwenye mfuko ayabebe nyumbani, asije mfagiaji akaanza kumzoea.

Msimwone mtu wa ajabu. Kanuni za waamuzi wenyewe si nyingi, unaweza kuzisema kwa pumzi moja. Usimsikilize mmoja mwenzake akiwa hayupo. Usipokee kitu cha mtu. Ukiwa na uhusiano na mmoja wao, utamke mbele ya wote wawili, wakuamue. Na hata wakikuruhusu, kama wewe mwenyewe unajua moyo wako umeegemea upande, inuka kwenye kiti umpishe mwingine. Kuzisema ni rahisi. Kuziishi ndiyo shughuli, maana mji wenyewe ukipiga chafya mwisho huu unaambiwa pole mwisho ule. Na katika mji kila mtu ama ameajiri, ama ameajiriwa, ama ametoka kufukuzwa jana. Jirani anayekuazima chumvi leo, kesho yuko mbele yako anadai amesingiziwa. Sasa utamtazamaje, na chumvi yake iko kwenye chungu chako?

Kwa hiyo hakuazima chumvi. Harusini alituma salamu. Msibani alikaa karibu na mlango akaondoka kabla watu hawajazoeana. Lifti alikataa hata mvua ikimchapa. Mwanzoni watu walimwona ana maringo, baadaye wakamwona mgonjwa, mwisho wakaacha kumwona. Ndivyo ilivyo. Mtu ukimwalika akakataa, ukamwalika tena akakataa, safari inayofuata unapika kidogo.

Mumewe alikuwa amefariki. Mwanawe wa pekee alifanya kazi nchi ya mbali, akipiga simu Jumapili: umekula mama, nimekula baba, hali ya hewa huko vipi, ni hiyo hiyo, haya basi. Dada yake aliyebaki alimwambia siku moja, "Wewe dada umekuwa kama sanamu ya njia panda. Kila mtu anakujua, hakuna anayesimama." Alitaka kumjibu, lakini dada mwenyewe alikuwa na shule ya chekechea yenye walimu, na walimu nao hufukuzwa.

Kitu kimoja tu alijiruhusu. Jumamosi alikwenda kusukwa.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichotazamana na karakana ya baiskeli. Nywele za bandia zilining'inia kwenye misumari kama mikia, na kikaushio cha kichwa hakikupuliza mpaka kipigwe kofi upande wa kulia. Mwenye saluni alikuwa mama mnene wa mikono myepesi. Kitana chake cha meno mapana hakikai mfukoni wala mezani, bali amekichomeka kwenye nywele zake mwenyewe, hata akienda benki. Ndiyo maana aliitwa Bi Shanuo.

Bi Shanuo akikushika kichwa anakushika na masikio. Alisema habari za magoti yake na za mwenye nyumba, za wifi yake anayejifanya anakohoa akiombwa kuosha vyombo, na za mume wake wa kwanza, aliyeondoka na godoro. Mama Kanuni alifumba macho, akawa anasema, "Mm." Pakifika pazuri anasema, "Mm, jamani." Wiki nzima ile mikono ya Bi Shanuo ndiyo ilikuwa mikono pekee inayomgusa. Alikuwa akitoka pale ngozi ya kichwa imevutika, macho yamepanda, na ndani yake mna kitu kilichokaa sawa mpaka Jumatano. Kwa hesabu yake, hapa duniani alikuwa na rafiki mmoja, naye ni Bi Shanuo. Hakuwahi kumwambia. Kwani nyinyi marafiki zenu mliwatangazia?

Kiti cha pili cha saluni kilikuwa cha binti mmoja, Chapchap, ambaye vidole vyake vilikwenda mbio hata wateja wakadhani ana vya ziada. Bi Shanuo ndiye aliyemfundisha tangu hajui kugawa nywele. Jumamosi moja Mama Kanuni akaona kile kiti kitupu. Jumamosi iliyofuata kitupu vile vile. Hakuuliza. Kuuliza ilikuwa kazi yake ya kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa.

Jumamosi ya tatu Bi Shanuo alikuwa ameshamaliza upande wa kushoto, ameshika chanuo kwa meno, akakitoa akasema, "Mwenzangu, umeiona dunia? Nimeitwa ofisini kwenu."

Mama Kanuni akafumbua macho. "Ofisi gani?"

"Kwani unazo ngapi? Hiyo ya kufukuzana. Yule Chapchap kanishitaki. Mimi! Niliyemshika mkono nikamwonyesha kitana kinashikwaje. Sikiliza nikwambie alichonifanyia..."

"Usiniambie."

"Nakwambia kidogo tu, upate mwanga..."

"Bi Shanuo, usiniambie. Mwenzio hayupo hapa." Na akainuka.

"Kaa, wewe. Upande mmoja bado."

"Siwezi kukaa."

Bi Shanuo akabaki na mkono hewani, uzi wa nywele umemning'inia kidoleni. "Unatoka hivyo? Kichwa kama shamba la ushirika, huku limelimwa huku nyasi?"

"Nitajifunga kitambaa."

"Watu watasema nimekugombeza."

"Waambie nimeumwa."

"Unaumwa nini?"

Mama Kanuni alishafika mlangoni. Fundi baiskeli wa ng'ambo akainua uso, akautazama ule upande wa kushoto, kisha wa kulia, akarudi kwenye cheni yake.

Jumapili akakaa mbele ya kioo cha bafuni kufumua ile nusu. Za mbele zilikuja vizuri. Za kisogoni hakuzifikia kwa macho, akawa anapapasa, mabega yanawaka, uzi mwingine unajifunga badala ya kufunguka. Akamfikiria mke wa jirani, mama mzuri ambaye angekuja mara moja. Akakumbuka kwamba jirani mwenyewe anaendesha lori la kampuni fulani, na kampuni hiyo faili lake liko kabatini. Akashika mkasi, na zilizogoma akazikata.

Simu ikalia. "Unafanya nini, mama?" mwanawe akauliza.

"Nafumua nywele."

"Peke yako? Si utavunjika mikono."

"Nipo na mwenzangu hapa ananisaidia," akasema.

Mtu aliyekiri kikombe cha chai mbele ya kadamnasi akamdanganya mwanawe wa kumzaa, na simu ilipokatika alibaki ameishika, anajitazama kwenye kioo na zile nywele zilizokatika katika, kama mtu anayengoja aulizwe swali la pili.

Jumatatu akaenda kwa mkuu wa ofisi, baba mpole mwenye tabia ya kujichokoa sikio kwa kifuniko cha kalamu.

"Nataka kujitoa kwenye shauri la saluni."

"Kisa?"

"Mlalamikiwa ni rafiki yangu."

Kifuniko kikatoka sikioni. "Rafiki yako. Wewe?"

"Ndiyo, mkuu."

"Tangu lini una rafiki, mama?"

"Mkuu, mimi sifanyi mzaha."

"Hata mimi. Nimeuliza kwa furaha." Akakifuta kifuniko kwenye suruali. "Sasa sikiliza. Waamuzi hapa ni wewe na yule mwenzako anayezunguka miji. Ukijitoa, yule binti atasubiri mpaka mwenzako amalize mzunguko wake wote arudi. Ametoka kazini, anasubiri nini, mvua? Utamke mbele yao. Wakisema hawana neno, endelea, umalize. Kanuni inaruhusu."

"Inaruhusu," Mama Kanuni akakubali, maana ilikuwa kweli. "Ila mimi mwenyewe..."

"Wewe mwenyewe utamke kwanza. Mengine utayaona huko huko."

Chumba cha kusikilizia mashauri kilikuwa kidogo, kina meza ndefu, viti vya pande mbili, na feni inayozunguka kwa kulalamika kuliko walalamikaji. Chapchap alikuwa amekaa upande wake, gauni limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Vidole havikumtulia, alikuwa akisuka nyuzi za mkoba wake, anafumua, anasuka. Bi Shanuo alikaa upande wa pili, chanuo kichwani. Karani akasoma shauri: binti anasema alifukuzwa mbele ya wateja bila kupewa nafasi ya kujieleza, naye anaomba kitu kimoja, arudishiwe kiti chake. Bi Shanuo katika majibu yake anasema binti alikuwa akiwafuata wateja majumbani na kuwasuka huko, na katika kazi ya nywele huo ni wizi kuliko kuiba mashine.

Mama Kanuni akaweka mikono juu ya meza. Maneno alikuwa ameyafanyia mazoezi njiani, na njiani yalikuwa mepesi.

"Kabla hatujaanza," akasema, "ninalo la kutamka. Mlalamikiwa, huyu Bi Shanuo, ni rafiki yangu. Ni rafiki yangu wa miaka mingi. Nakwenda kwake kila Jumamosi. Mwenye pingamizi la mimi kuendelea, aseme."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa sauti, na alilisema mbele ya karani na feni.

Chapchap akasimama. "Mimi sina pingamizi, mheshimiwa. Habari za chai tunazijua wote."

"Mlalamikiwa?"

Bi Shanuo akainuka taratibu, akajishika goti. "Mimi ninalo."

"Pingamizi la mimi kuendelea?"

"Kuendelea endelea. Pingamizi langu ni hilo neno ulilosema. Mimi si rafiki yako. Wewe ni mteja wangu. Mteja mzuri, huchelewi, hukopi, hupigi kelele ukichomwa na maji ya moto. Lakini mteja."

Karani akaacha kuandika, akamtazama mwamuzi. Hapo Mama Kanuni angeweza kusema ahsante, limesikika, tuendelee. Hakuna aliyezuia. Lakini mdomo uliozoea kuhoji mashahidi ukafunguka wenyewe. "Unathibitishaje?"

"Nathibitishaje?" Bi Shanuo akacheka bila furaha. "Haya. Unakaa wapi? Sijui. Una watoto au huna? Sijui. Unapenda nini, unachukia nini, ukilala unaota nini? Sijui. Mumeo alipofariki nani aliniambia? Muuza maji. Jumamosi ile ukaja, ukakaa kitini, nami nikanyamaza. Mimi, ninavyopenda kusema, nilikaza midomo kabisa ili wewe upate nafasi. Nikangoja. Nimefika katikati ya kichwa, nangoja. Ukaniambia, 'Leo usikaze sana mbele.' Basi. Ukalipa, ukaenda."

Chapchap alikuwa ameacha kusuka mkoba. "Ni kweli," akasema polepole, bila kuulizwa. "Nilikuwepo."

"Mimi nimekwambia habari za magoti yangu," Bi Shanuo akaendelea, na sauti ikaanza kumponyoka. "Nimekwambia za mume wangu na godoro. Nimekwambia mambo ambayo mama yangu ameingia kaburini hayajui. Wewe umenipa nini miaka yote hii? Kichwa. Rafiki anatoa zaidi ya kichwa, mheshimiwa."

Wapo waliosema baadaye kwamba Bi Shanuo alikuwa akicheza karata zake, kwamba aliukana urafiki ili mwamuzi anayemjua asiondoke kitini. Watu wa mji hawakosi akili ya mambo yasiyowahusu. Mama Kanuni alikuwa ameshasikiliza waongo wa kila aina katika chumba kile, wenye kulia, wenye kuapa na wenye kuzimia. Aliujua uongo hata ukija umevaa shuka. Huu haukuwa uongo. Akaupokea kama ulivyokuja.

Feni ikazunguka. Karani akakohoa. "Kwa hiyo pande zote hazina pingamizi la mheshimiwa kuendelea. Tuendelee?"

Hapa ndipo penye mtihani wenyewe. Kwa maneno ya Bi Shanuo, uhusiano haukuwepo. Kwa maneno ya Chapchap, hata ungekuwepo si neno. Angeendelea, na binti angejua hatima yake mapema. Angeendelea, lakini angekuwa amekubali kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akienda kununua mistari ya nywele, hana zaidi.

"Hatuendelei," akasema.

"Mheshimiwa?"

"Kanuni haimwulizi yeye kama ananihesabu mimi rafiki. Inaniuliza mimi. Na mimi..." Akatafuta neno la ofisini, akalikosa. "Mimi nimeegemea. Yeye hata kama hakuegemea. Siwezi kukaa hapa." Akainuka.

Chapchap akajifunika uso kwa mkoba. "Sasa mimi nisubiri mpaka lini?"

"Samahani, mwanangu," Mama Kanuni akasema. Hiyo nayo haimo kwenye kanuni.

"Ona alivyotufanya," Bi Shanuo akasema, na kwa dakika hiyo alimtazama Chapchap kana kwamba wako upande mmoja.

Karani alikuwa bado ameinamia karatasi. "Sababu ya kujitoa niandike nini?"

"Andika urafiki."

Karani, kijana mwangalifu asiyependa kukosolewa, akauliza kwa nia njema kabisa, "Wa upande mmoja?"

Mama Kanuni akachukua miwani yake mezani. "Andika hivyo."

Miezi iliyofuata hakwenda saluni. Alikuwa amejitoa kwenye shauri, lakini shauri lenyewe lilikuwa bado hai, na mtu wa aina yake hapiti karibu na kitu kilicho hai. Nywele alizifunga kitambaa. Jumamosi zikawa ndefu kama foleni ya hospitali. Alifua nguo safi. Alikwenda sokoni kwa njia ya kuzunguka, isiyopita kwenye karakana ya baiskeli, akarudi na vitu alivyokuwa navyo tayari. Siku moja alimwona Chapchap kwenye kibaraza cha shangazi yake, anasuka kichwa cha mtu huku amekaa juu ya ndoo, akashusha macho, akapita.

Yale maneno ya Bi Shanuo alitembea nayo. Alijikuta akihesabu aliyowahi kumwambia mtu yeyote juu yake mwenyewe, na hesabu ikaisha kabla hajafika mlango wa ofisi. Kila akitaka kusema jambo, kitu ndani yake kiliuliza: na upande wa pili uko wapi? Akaamua ajifunze, kama mtu anavyojifunza baiskeli ukubwani. Akamwambia muuza mboga kwamba usiku halali vizuri. Muuza mboga akamwangalia, akauliza kama anachukua mchicha au hachukui. Akamwambia mwanawe kwenye simu, "Leo nimechoka." Mwanawe akashtuka, akataka kupiga simu kwa daktari. Mama Kanuni akaacha kujifunza. Ukikaa kimya miaka, siku ukifungua mdomo watu hutafuta jeneza.

Yule mwamuzi wa kuzunguka alipofika akamaliza kazi kikao kimoja. Chapchap alikiri alimsuka bibi harusi nyumbani kwao bila kumwambia bosi wake. Bi Shanuo alikiri alimtoa binti nje mbele ya wateja, kitana kikiwa mkononi, bila kumwuliza hata kwa nini. Wakakubaliana arudi kitini, na akiitwa majumbani, aage kwanza. Karani akamletea Mama Kanuni habari mlangoni.

"Limekwisha?" akauliza.

"Limekwisha, mheshimiwa."

"Rufaa?"

"Nani akate rufaa? Wametoka wameshikana mikono."

Bado akangoja mpaka muda wa kukata rufaa upite wote, maana ndivyo alivyo, mtafanyaje. Jumamosi iliyofuata akavaa viatu, akapita njia iliyonyooka.

Chapchap alikuwa kitini kwake, ana kichwa cha mteja mikononi. Alimwamkia kwa heshima, vidole havikusimama. Bi Shanuo alikuwa akifagia nywele zilizoanguka.

"Karibu," akasema, kama anavyokaribishwa mtu aliyekimbia mvua. "Unataka mtindo gani?"

Miaka yote hakuwahi kumwuliza hilo. "Ule ule," Mama Kanuni akasema.

"Upi?"

"Mistari ya kwenda nyuma."

"Kaa."

Akakaa, akafungua kitambaa. Bi Shanuo akaona zile zilizokatwa kwa mkasi kisogoni, zinaota kwa hasira. Akapaka mafuta, akagawa, akaanza. Mikono ilikuwa ile ile. Mdomo ndio ulikuwa mwingine. Hakusema habari za magoti, wala wifi, wala mwenye nyumba. Ng'ambo ya barabara fundi alikuwa akigonga tairi. Ndani palisikika kitana tu.

Mama Kanuni akafumba macho akangoja upande wa pili uanze. Mstari wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Akafumbua macho, na kwenye kioo akaona midomo ya Bi Shanuo imekazwa, akaelewa kwamba hapana mtu wa kuanza. Katika chumba chake cha kazi, upande ukiitwa useme na usiseme, huandikwa kwamba haukuwa na la kusema, na faili hufungwa.

"Mume wangu alikuwa mpishi wa shule ya bweni," akasema.

Sauti ilimtoka ya kusomea, kama anatoa uamuzi. Mikono ikasita kichwani, kisha ikaendelea.

"Hakujua kupikia watu wawili. Akipika nyumbani anapika sufuria zima, tunakula chakula kile kile mpaka tunakichukia. Nilikuwa namgombeza. Namwambia, unampikia nani, jeshi? Alipofariki, watu walipokwisha kuondoka, nikafungua friji nikakuta sufuria lake. Nikawa nala kijiko kimoja, nafunika. Asubuhi kijiko, jioni kijiko. Nilikuwa naogopa litaisha. Ile Jumamosi niliyokuja hapa, asubuhi yake ndiyo lilikuwa limeisha. Nililiosha, nikaja."

Mteja wa Chapchap aliacha kutafuna chingamu yake. Chapchap akageuka kutoka kwenye kazi yake, macho yamemjaa maji, akauliza kwa sauti ndogo, "Yalikuwa maharage, mheshimiwa?"

"Nyamaza wewe," Bi Shanuo akasema. "Haongei na wewe."

Chapchap akarudi kwenye kichwa chake. Bi Shanuo akachomoa chanuo kutoka kwenye nywele zake, akachukua kifungu kingine, akakigawa mara tatu, akangoja.